Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu stapelia, ua linalonuka mzoga, na esensi yake

Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo nimeyakusanya hapa yale yanayorudi rudi. Mmea wenyewe ni Stapelia gigantea, sakulenti (mmea unaotunza maji ndani yake) ya kijani isiyo na majani, ni fimbo fimbo tu, na ikitoa ua basi ua hilo linanuka mzoga. Esensi yake ni matone yanayotengenezwa kwa maji yaliyokaa na ua, nitayaeleza huko chini. Nimesema linanuka, sijasema linanukia, tuelewane hapo mapema maana kuna waliouchukua wakaenda kuuweka kwenye meza ya kulia alafu lawama zikaja kwangu.

Ni kweli linanuka hivyo au mnatutisha tu?

Linanuka kweli. Mara ya kwanza langu lilipochanua poti lilikuwa juu ya kabati la vitabu na ua lilifungukia upande wa ukutani, mi sikuliona. Siku nzima nasogeza makabati natafuta panya aliyekufa, nikamwaga dawa kwenye masinki, nikawasingizia watoto viatu vyao, mpaka jioni nikaona nzi watatu wakubwa wa kijani wanazunguka juu ya kabati kama wana kikao. Kupanda kwenye kiti nachungulia, kumbe ndo lenyewe, ua la manjano la nyota yenye ncha tano, kubwa kama sahani, lina vimistari vya rangi ya damu ya mzee na vinyweleo pembeni.

Ila na nyie msizidishe. Hewa ikipita vizuri, ukiwa mita mbili tatu unaweza usisikie chochote, shida ni ukiinama kulinusa (na kila mgeni atainama, hata umwambie asifanye hivyo). Siku ya kwanza ndo kali, inayofuata inapungua, na baada ya siku chache ua linajikunja na kunyauka. Kwa mwaka mzima uliobaki mmea haunuki kabisa, fimbo zake hazina harufu.

Kwanini unuke hivyo, unafaidika nini?

Maua mengine yanaita nyuki kwa utamu, hili linaita nzi wa mizoga. Ile harufu ina kemikali zenye salfa, za jamii ile ile zinazotoka kwenye nyama ikioza, kwahiyo pua yako haijakosea, inanusa kitu kinachofanana na kile kile. Rangi na vile vinyweleo navyo vimo kwenye igizo, ukiangalia kwa mbali ni kama kipande cha mnyama kimelala chini. Nzi jike anakuja anatafuta pa kutagia, anajaa mzima mzima, anataga mayai katikati ya ua, funza wakitoka hawakuti nyama ya kula wanakufa. Wahenga walisema nzi kufia juu ya kidonda si haramu, ila huyu masikini hata kidonda chenyewe hakipati.

Wakati anahangaika pale mmea unapata chake. Chavua ya stapelia sio unga unga kama wa mahindi, imefungwa kwenye vifuko viwili vidogo vilivyounganishwa na kibanio, nzi akipenyeza mdomo kwenye ufa wa katikati kibanio kinamnasa, anaruka nacho mpaka ua jingine. Likipata mbegu utaona pembe mbili zimesimama kama za mbuzi, zinakaa miezi mingi kabla hazijapasuka, na mbegu zina manyoya ya kupeperuka na upepo. Mimi kwa miaka yote nimepata pembe mara moja tu.

Asili yake wapi? Ni kaktasi ya Marekani?

Sio kaktasi na haitoki Marekani. Ni mmea wa Afrika, wa maeneo makavu kuanzia Afrika Kusini kupanda juu mpaka Tanzania. Mtaalamu wa mimea N. E. Brown ndiye aliyeuandika rasmi mwaka 1877. Jina la Stapelia lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, kumkumbuka Johannes Bodaeus van Stapel, daktari Mholanzi aliyefariki 1636, ambaye kitabu chake kilichotoka 1644 kilikuwa na mchoro wa ndugu mdogo wa mmea huu, ule wa madoa madoa unaoitwa siku hizi Orbea variegata. Yaani mzee wa watu alifariki miaka mingi kabla ya jina lake kupewa kitu kinachonuka, sijui angesemaje.

Kiukoo upo Apocynaceae, ukoo mmoja na adenium wanayoiita waridi la jangwani na ua la plumeria linalonukia vizuri kabisa. Ndugu wa tumbo moja tabia mbalimbali. Na kama utaona mahali umeandikwa Ceropegia usishangae, mwaka 2017 kuna wataalamu walipendekeza stapelia zote zihamishiwe huko, wengine wamekubali wengine bado wanatumia jina la zamani. Mi nabaki na la zamani.

Nitaujuaje kama hauna ua?

Fimbo laini, nene kama kidole au zaidi, zina pembe nne, ukizigusa ni kama kitambaa cha velveti. Pembeni zina vimeno vidogo laini visivyochoma. Hauna majani hauna miiba. Ukikwaruza kidogo utomvu wake ni wa maji maji, sio maziwa. Hicho ni kipimo kizuri sana kwasababu watu wanachanganya na yuforbia, mmea mwingine unaofanana nao, na yuforbia ikichubuka inatoa maziwa meupe yanayounguza ngozi na macho. Ukiona maziwa, weka chini, nawa mikono, huo sio wenyewe.

Je ni sawa na lile ua kubwa kuliko yote duniani linalonuka?

Hapana, hapo mnachanganya mimea mitatu. Lile kubwa refu la kwenye bustani za mimea ambalo watu wanapanga foleni kuliona ni Amorphophallus titanum, kwao ni Sumatra, mtaalamu wa mimea Mwitaliano Odoardo Beccari alilikuta 1878 na la kwanza kuchanua nje ya kwao lilichanua bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, 1889. Linaweza kufika mita 3, na kiazi chake cha rekodi kilipimwa Edinburgh 2010 kikawa kilo 153.9. Huo sio mmea wa sebuleni, labda sebule yako iwe na paa la kioo na winchi.

Wa pili ni mdogo wake, Amorphophallus konjac, huo kweli watu wanafuga ndani. Una kiazi, na kiazi kikishakua cha kutosha kinachomoza ua la zambarau iliyoiva kikiwa kimekaa tu juu ya shelfu bila udongo wala tone la maji, ua likishanyauka ndo linatoka jani moja kubwa kama mwavuli. Unanuka vibaya kuliko stapelia kwa maoni yangu, na unajipasha joto wenyewe ili harufu isambae. Kiazi chake ndo Wajapani wanatengenezea konyaku, chakula kama jeli, ila kibichi usiguse mdomoni, kina fuwele za oksaleti ambazo ni kama sindano ndogo ndogo kwenye ulimi na koo. Hili la oksaleti likumbukeni maana nitalirudia kwenye esensi.

Sasa hiyo esensi ya maua ni nini hasa? Ni mafuta ya kunukia?

Hapa ndo penye maswali mengi. Sio mafuta ya kunukia. Mafuta ya kunukia yanakamuliwa au kuchemshwa kwa mvuke mpaka kitu chenyewe cha mmea kinatoka, yana harufu kali na yana nguvu ya kweli kwenye ngozi. Esensi ya maua ni maji yaliyokaa na ua juani, yakachanganywa na brandi, yakapunguzwa na kupunguzwa tena. Haina harufu ya ua. Haina rangi. Ukinusa chupa yangu ya stapelia unasikia brandi tu, na kila mtu ananiuliza kama nimemdanganya.

Aliyeanzisha huu utaratibu ni Edward Bach, daktari Mwingereza (1886 hadi 1936) aliyekuwa mtu wa maabara za bakteria kabla hajaacha kazi zake London mwaka 1930 na kwenda kutembea mashambani akitafuta maua. Yeye hakutibu tumbo wala kichwa, aliangalia hali ya moyo ya mtu. Ua la Mimulus kwa mwenye hofu ya kitu anachokijua, la Impatiens kwa asiye na subira, na ukijua kwamba tunda la mbegu la Impatiens likiiva linaruka lenyewe ukiligusa tu, utaona mawazo yake yalikuwa yanakwendaje. Aliacha dawa 38, 37 za mimea na moja ya maji ya chemchemi ya mwambani.

Stapelia imo kwenye hizo 38?

Haimo. Wala konjac haimo. Mtu akikwambia hii ni dawa ya Bach anakuongopea au hajasoma. Baada ya Bach watengenezaji wameongeza mimea mingi sana kutoka kila pembe ya dunia, na maua yanayonuka yameingia kwa mlango huo. Kwahiyo hakuna maelezo rasmi ya kwamba stapelia ni ya shida fulani, kila mtengenezaji ana yake. Fikra ya jumla ni ile ile ya Impatiens, kwamba umbo na tabia ya mmea vinakuonyesha kazi yake, na ua la mzoga moja kwa moja linawapeleka watu kwenye vitu tunavyovionea kinyaa, kifo, uozo, aibu za mwili.

Wewe unaitumia kwa nini?

Nilimuuguza mama yangu miezi yake ya mwisho na alikuwa na kidonda. Anayejua anajua, sihitaji kueleza. Kilichonitesa baadae haikuwa hata huzuni, ilikuwa ni kwamba nilikuwa nabana pumzi nikiingia chumbani kwake, na yeye alikuwa anaona. Alipoondoka nikabaki na hilo. Mwaka uliofuata stapelia ikachanua, na kwavile nilikuwa nimesoma habari za hizi esensi nikasema ngoja nijaribu, na njia yenyewe inataka saa tatu juani. Nikakaa pembeni ya lile ua saa zote tatu bila kubana pumzi. Dakika za mwanzo nilitaka kukimbia, baadae pua ikazoea, baadae nikalia, baadae nikawa naangalia tu nzi.

Matone niliyokunywa baada ya hapo sijui kama yalifanya chochote. Zile saa tatu zilifanya. Ndo maana nikiulizwa niuze chupa nakataa, nitakuwa namuuzia mtu kile ambacho hakikuwa na kazi na kumnyima kile kilichokuwa na kazi.

Kuna ushahidi wa kisayansi kwamba inafanya kazi?

Kwa hizi za Bach, majaribio yamefanyika na yamepitiwa, mwaka 2010 Edzard Ernst, mtafiti wa tiba mbadala, aliyakusanya yale yaliyolinganisha na plasebo, yaani chupa isiyo na kitu ambayo mtu hajui kwamba haina kitu, akakuta haina tofauti na plasebo. Stapelia ndo kabisa, iko nje hata ya hizo. Kwahiyo mtu mwenye sonona nzito, hapati usingizi wiki nzima, anawaza kujidhuru, aende hospitali, asipewe matone na mtu yeyote, na mwenye dawa zake za daktari asiziache.

Hesabu yenyewe nayo ifanye mwenyewe. Yale maji ya ua unayachanganya nusu kwa nusu na brandi, hiyo inaitwa chupa mama. Kutoka hapo matone 2 kwenye chupa ya ml 30, hiyo ni ya akiba. Kutoka ya akiba matone 2 tena kwenye ml 30 nyingine ndo unakunywa. Tone moja ni kama ml 0.05, kwahiyo kila hatua unapunguza mara 300, ukizidisha zote pamoja na ile nusu unapata sehemu 1 ya maji ya ua kwenye sehemu 180,000. Mtu asikwambie ni kali.

Inatengenezwaje? Naliweka ua ndani ya maji?

Njia ya jua ya Bach inasema bakuli la kioo, maji safi, maua yaelee juu yake kwenye jua la asubuhi lisilo na mawingu kwa saa 3, alafu unatoa maua, unaongeza brandi. (Ana na njia ya kuchemsha, nusu saa, ila hiyo ni ya miti na matawi magumu, ukichemsha stapelia jikoni majirani wataita watu.)

Kwa stapelia USILIWEKE ndani ya maji. Mi niliweka mara ya kwanza, baada ya saa tatu kulikuwa na vitu vyeupe vidogo vinaelea, mayai ya nzi, na hao nzi mchana huo huo walikuwa wametoka kwenye mizoga na vinyesi vya kweli. Yale maji nilimwagia chini ya mti. Watengenezaji wana njia nyingine kwa mimea yenye sumu au uchafu, bakuli linawekwa karibu na ua au chini yake bila kugusana kabisa, na bakuli lifunikwe kioo au kitambaa chepesi nzi wasiingie. Hiyo ndo natumia. Na kwa konjac ni hivyo hivyo, maji yasiguswe na chochote kutoka mmea wenye oksaleti. Usilikate ua pia, poti lisogeze tu kwenye jua taratibu, ukishamaliza rudisha.

Mtu asiyegusa pombe afanyeje?

Brandi kazi yake ni kutunza isiharibike tu. Wengine wanatumia siki ya tufaha au gliserini ya mimea badala yake. Ila angalia, ukinunua iliyotengenezwa tayari na haijaandikwa, chukulia ina pombe, hata kama ni matone. Mtoto, mjamzito na anayejitoa kwenye ulevi ni bora wasiitumie kabisa hiyo ya brandi.

Nitautunzaje ndani ya nyumba?

Dirishani penye mwanga mwingi, jua la asubuhi linaufaa, jua kali la mchana linazibabua fimbo zinakuwa nyekundu. Udongo wa kichanga na kokoto ndogo, poti pana lisilo na kina kirefu lenye tundu chini. Maji usimwagie mpaka udongo ukauke wote, alafu ndo umwagie tena, na kipindi cha baridi karibu usimwagie kabisa. Baridi chini ya nyuzi 10 haitaki.

Wanaoua stapelia wengi wanaiua kwa huruma. Maji mengi, fimbo inaanza kuwa nyeusi na laini pale chini, ukiona hivyo kata juu ya weusi mara moja, sehemu nzima iache ikauke kidonda siku kadhaa kivulini, panda upya. Vidudu vyeupe kama pamba navyo vinapenda kukaa kwenye mizizi mahali huvioni, mmea ukigoma kukua bila sababu utoe kwenye poti ukague.

Tumba limetokea alafu likaanguka, nimekosea nini?

Aghalabu umelihamisha au umegeuza poti au umeacha likakauka sana wakati tumba linajaa. Tumba linatokea chini karibu na udongo, linavimba kama puto ndogo, ukishaliona acha poti hapo hapo. Kwa kawaida ni mwishoni mwa kipindi cha joto, siku zinapoanza kuwa fupi. Likipasuka ndo unaweza kulitoa nje kama una wageni.

Funza wakitokea kwenye ua, niweke dawa?

Ya nini, watakufa wenyewe. Kama wanakukera kata ua likishaanza kunyauka, lifunge kwenye mfuko, tupa. Dawa ya kupuliza itaunguza fimbo bure.

Unauza?

Esensi siuzi, nimeshasema. Mmea nao siuzi, nagawa. Mwezi huu nina fimbo sita nimezikata jumanne zinakauka kwenye gazeti, mtu wa kwanza kufika achukue mbili, na asiniulize kama kuna aina isiyonuka.